Video ya Bureti Sio Bureti

Leo nitajichoma mwenyewe kwanza, halafu ndio niseme yale nataka kusema.

Wiki mbili zimeisha tangu sis wangu mdogo afike nyumbani na furaha yote. Yuko Gredi ya 9. Alitupa begi kwa kochi akaniambia, "Bro, leo tumefanya jaribio la asidi na besi." Nikamuuliza mlitumia nini. Akasema, "Simu ya ticha."

Nikadhani simu ilikuwa ya kupiga picha. Zii. Ticha alisimama mbele, darasa limejaa, wakasongea safu moja baada ya nyingine kutazama video. Rangi ikageuka, kengele ikalia, wakaenda lanchi. Kwa daftari sis ameandika kila kitu: vifaa, hatua, matokeo, hitimisho. Pale kwa matokeo kuna sentensi moja, "Tuliona rangi ikibadilika." Na hajadanganya. Kuona waliona.

Halafu akaongeza, huku anacheka: "Na ya pili ilikuwa yako."

Yangu. Ile ya titresheni, sekunde 58, ile imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuposti. Sasa acha nikuambie kitu sijawahi kusema hapa. Bureti unayoiona kwenye hiyo video si yangu. Mkono unaozungusha koki si wangu. Nilichukua vipande vya video ya mtu mwingine, nikaweka sauti yangu juu, nikaongeza biti. Mimi sijashika bureti tangu nitoke kampasi, na hata kabla ya hapo nilikuwa nimeishika mara za kuhesabu.

Kwa hivyo darasa zima la watoto wa Isich "walifanya jaribio" kupitia simu ya ticha, kupitia msee ambaye naye hakulifanya. Hiyo ndiyo imeninyima usingizi.

Kujua kwa macho

Nilikuwa kidato cha pili Machi 2020, shule zilipofungwa sababu ya korona. Miezi ile yote masomo yalikuja kwa WhatsApp, redio na TV. Titresheni niliiona kwa YouTube labda mara kumi na mbili. Nilijua kila kitu. Macho yawe sawa na mstari, soma pale chini mwa mkunjo wa maji, mwishoni enda tone kwa tone, ukiona waridi hafifu isiyopotea, simama. Ungeniamsha usiku wa manane ningekueleza bila kupepesa.

Tuliporudi, shule yetu ilikuwa na vifaa. Vilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa na kufuli. Kemikali ni ghali, bureti zinavunjika, kwa hivyo vilikuwa vinangoja mtihani. Hadi nafika KCSE 2022 nilikuwa nimeshika bureti mara tatu, na mara mbili kati ya hizo tulikuwa sita kwa bureti moja. Mmoja anashika, mmoja anaandika, wanne wanatazama. Yaani hata maabara yenyewe ilikuwa video.

Sasa iangalie hii hesabu vizuri. Kwa KCSE, karatasi ya tatu ya kemia, ile ya praktikali, ina alama 40. Karatasi ya kwanza na ya pili zina 80 kila moja, lakini KNEC wakijumlisha, hizo mbili zinabanwa hadi zinakuwa 60. Ya praktikali inaingia nzima. Arubaini kwa mia, alama za mikono. Na kwa titresheni, mwalimu naye hufanya kazi hiyohiyo kwa kemikali hizohizo, halafu jibu lako linalinganishwa na lake. Hapo hakuna kukariri. Ama mkono wako umefika, ama haujafika.

Nilipita, si ya kupiga nduru, lakini nikaitwa kampasi, kozi ya sayansi. Praktikali ya kwanza tukawekwa wawili wawili. Mwenzangu alitoka shule ambayo maabara inafunguliwa tangu kidato cha kwanza. Koki anaishika na mkono wa kushoto, chupa anaizungusha na wa kulia, na wakati huohuo ananipigia stori za mechi. Mimi nilifungua koki ikamwaga mililita tano kwa mpigo. Waridi kali kama juisi ya harusi. Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya tatu nikamwachia yeye, nikachukua kalamu. Nikarudi kuwa yule wa kuandika.

Sikuacha chuo sababu ya bureti. Niliacha sababu ya karo, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini karo ilipokataa sikupigana sana, na sababu naijua. Nilikuwa nishaamini sayansi ni ya watu wengine, wale waliozaliwa na mkono mwepesi. Kumbe hakuna mkono wa kuzaliwa nao. Kuna masaa. Mwenzangu alikuwa na masaa mengi kabatini likiwa wazi, mimi nilikuwa na video kumi na mbili.

Intaneti haina makosa

Usiniskie vibaya. Mimi ni mtoto wa intaneti, ndiyo inanilisha. Na mfano mzuri kabisa wa intaneti kwa sayansi ya shule uko hapahapa Kenya, ni vile watu wengi wanaukumbuka sababu ya pesa peke yake.

Peter Tabichi. 2019, kule Dubai, akashinda Global Teacher Prize, dola milioni moja. Ni ndugu wa Kifransisko, na alikuwa anafundisha hisabati na fizikia Keriko, shule ya kutwa ya mchanganyiko huko kaunti ya Nakuru. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kuja ikienda. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Alichokuwa anafanya ni hiki: anaenda saiba, anapakua vitu vya kufundishia, anarudi navyo darasani kuvitumia bila mtandao.

Watu huishia hapo, wanasema aah, teknolojia. Mimi nataka uangalie kilichofuata. Wanafunzi wa shule hiyo walitumia mimea ya kwao kuzalisha umeme, wakapata tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza. Wengine walitengeneza kifaa cha kusaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakafuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi Arizona, Marekani. Hiyo yote ni kazi ya mikono. Mtu alikata, akafunga, akajaribu, ikakataa, akajaribu tena. Kile kilichotoka saiba kilikuwa cha kuwasha moto. Kuni zilikuwa zao.

Na walimu wetu hawajaanza kusikia haya jana. Mradi wa SMASSE ulianza 1998, Kenya na Wajapani wa JICA, na kutoka hapo tukapata CEMASTEA kule Karen. Walimu wa hisabati na sayansi walifundishwa kwamba somo lijengwe kwa shughuli, mwanafunzi awe katikati, kuwe na jaribio, na kifaa kikikosekana kibuniwe kutoka kwa vitu vilivyo karibu. Hii ni kabla hata YouTube haijaanza.

Kile tulifanya kwa korido

Nilipomwambia sis haya yote, aliniangalia tu. "Sawa bro. Na sasa sisi hatuna maabara, tufanye nini?"

Swali la haki. 2023, Gredi ya 7 ya kwanza ilipoingia, junia sekondari iliwekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi hazikuwa na maabara. Na hawa ndio wanatakiwa kuchagua njia wakienda Gredi ya 10: STEM, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Utachaguaje STEM na hujawahi kushika kitu? Utachagua kwa macho, kama mimi.

Kwa hivyo Jumamosi tulifanya. Nati tuliomba gereji, bure. Uzi wa kushona, mbao. Tukaning'iniza kwa fremu ya mlango, mita moja kamili kutoka pale uzi umefungwa hadi katikati ya nati. Unavuta nati kidogo, unaachilia, unahesabu ikienda na kurudi mara kumi, simu inahesabu sekunde. Gawanya kwa kumi upate muda wa bembeo moja. Halafu unatafuta g, ile namba ya mvutano wa dunia: nne, mara pai mara pai, mara urefu wa uzi, ugawanye kwa muda huo mara muda huo.

Tukapata sekunde 18.1. Nikapiga hesabu, ikaleta 12.05. Kitabu kinasema karibu 9.8. Yaani korido yetu ilikuwa kwa sayari ingine.

Hapa ndio mimi hukata video. Ukweli mtupu. Ningekuwa narekodi ningefuta, nirudie hadi ikubali, nikuonyeshe ile iliyokubali. Lakini sis alikaa chini akaitazama ile nati dakika nzima, halafu akasema, "Bro, ukiiachilia tunasema moja. Na hapo haijaenda mahali."

Manze. Tulikuwa tunahesabu tisa tukidhani ni kumi. Tukaanza na sifuri. Sekunde 20.1. Hesabu ikaleta 9.77.

Alipiga nduru mathe akatoka jikoni mbio akidhani mtu amechomeka.

Ni baada ya hapo ndio nikaleta intaneti. Kuna programu ya bure inaitwa phyphox, ilitoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Inageuza simu kuwa kifaa cha kupimia, kwa sababu simu tayari iko na vihisi ndani: vya mwendo, vya mwanga, vya sumaku, na maikrofoni. Tulitia simu yangu ya zamani, ile imepasuka kioo, ndani ya soksi, tukaifunga uzi mnene, ikawa yenyewe ndiyo inabembea na kujipima. Simu zingine za bei ya chini hazina kihisi cha kuzunguka ambacho hilo jaribio linataka, kwa hivyo ikikataa usishtuke. Nati na uzi havijawahi kukataa.

Jioni tukachemsha kabeji ya zambarau. Yale maji yake ni kiashiria tosha: ndimu ikayafanya mekundu, magadi ya githeri ikayafanya kijani. Sis akapitia jikoni yote. Siki, sabuni, majivu, dawa ya kiungulia, hadi soda. Akajichorea jedwali lake mwenyewe, rangi kwa rangi. Ni somo lilelile ambalo darasani liliishia kwa skrini. Gharama ya siku nzima haikufika soo mbili.

Skrini ifanye kazi yake

Msimamo wangu ni huu. Mahali mkono unaweza kufika, mkono ufike. Mahali hauwezi, hapo skrini ina kazi.

Chaji zikitembea kwenye waya hutaziona, hata ukiwa na maabara ya pesa mob. Chembe za gesi zikigongana hutaziona. Hapo kuna PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mtu aliyeshinda Nobel ya fizikia. Ni bure, unaweza kuipakua utumie bila bando, na baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Unaunganisha betri na balbu kwa skrini, unaona chaji zinavyozunguka, unaongeza betri uone zinavyoenda mbio. Noma sana. Lakini ukimaliza, toa betri mbili za rimoti, nunua kitaa kidogo chekundu cha LED kwa fundi wa redio, uunganishe. Kisha geuza miguu ya kitaa uone inavyokataa kuwaka. Jiulize kwa nini, ndio sasa urudi kwa intaneti ukiwa na swali lako. Ukienda ukiwa na swali unatafuta tofauti kabisa na ukienda ukiwa umeboeka.

Na kuna vitu usijaribu nyumbani hata video iwe na watazamaji milioni. Jik na asidi ya kuosha choo, kwa mfano, ukichanganya zinatoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu. Skrini haina harufu, haiwezi kukuonya. Kuna majaribio ambayo lazima ticha awe kando yako, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa bado tunahitaji maabara za ukweli. Kabeji haimalizi deni la maabara. Mtu asichukue hii post akaenda kusema watoto wa Eastlands watosheke na nati.

Najua matischa watasema nini, na wako sawa. Darasa limejaa, silabasi inakimbia, bando inatoka mfukoni mwangu. Ticha wa sis alinunua hiyo bando na pesa yake, simlaumu hata kidogo. Alikuwa na simu moja na dakika arubaini, akafanya kile alichoweza. Wengine watasema simu zimepigwa marufuku kwa wanafunzi, na sababu zipo, tumeona mitihani ikizungushwa Telegram.

Lakini sijasema kila mtoto apewe simu. Tabichi hakuhitaji simu 58. Simu moja ya ticha inatosha kupakua jaribio usiku, watoto walitazame dakika tano, halafu dakika thelathini na tano zilizobaki ziwe za mikono. Huyo ticha wa sis alikuwa na kila kitu isipokuwa ndimu kumi na maji ya kabeji, na soko liko hapo nje.

Na vifaa? Wasee, tunaishi Isich. Toka First Avenue hadi Jam Street ukihesabu maduka ya simu, utachoka kabla hujafika. Fundi ana droo nzima ya simu zilizopasuka kioo ambazo vihisi vyake ni vizima. Wazazi wa shule moja wakikusanya tano kama hizo, bila laini, zikikaa ofisini kwa ticha, tayari una kipimo cha mwendo, cha mwanga, cha sauti na cha sumaku. Serikali nayo ilianza kupeleka tableti shule za msingi 2016. Shule hizohizo za msingi ndizo leo zimebeba junia sekondari. Hebu mtu afungue hilo kabati aangalie ni ngapi bado zinawaka.

Kabati tena. Kila nikifikiria hii stori narudi kwa kabati. Kwa walimu wakuu nasema, kwa heshima zote, fungueni. Bureti ikivunjika mkononi mwa mtoto, angalau yuko mtoto mmoja amejua koki inavyoteleza. Ile imekaa salama miaka minne haijamsaidia mtu.

Kwa waundaji kontenti wenzangu: tuache kukata makosa. Video yangu ya titresheni bado iko, lakini juu yake nimeandika kwamba bureti ile na mkono ule si wangu, na kwamba ukiitazama bado hujafanya titresheni. Kuanzia sasa kila video yangu ya sayansi itaisha na kitu unaweza kufanya na mikono yako kwa chini ya soo, na ikikataa mara ya kwanza utaona vile ilikataa. Najua watazamaji watapungua. Sawa tu.

Na wewe uko shule: tazama, zima, fanya, halafu rudi uulize kwa nini imekataa. Ukirudi nyumbani ukisema mmefanya jaribio, jiulize ni nani alishika.

Jumatatu sis alienda shule na ile nati na uzi kwa begi. Ticha akaitundika kwa dirisha. Nati yangu haijarudi hadi leo. Jana ameniitisha uzi mwingine, ati wamegawanywa makundi saba na uzi umeisha.

Nimempa mbao.